Hua, njiwa, tetere, pugi, ninga: "dove" ni yupi hasa kwa Kiswahili?

#1 MpandaNgalawa (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi walipewa zoezi: majina ya ndege kwa Kiingereza, mtoto aandike kwa Kiswahili. Kwenye "pigeon" akaandika njiwa, kwenye "dove" akaandika hua. Daftari limerudi, njiwa kapata vema. Hua kakatwa kwa wino mwekundu, pembeni mwalimu ameandika "huwa", na chini yake "dove = njiwa".

Mtoto kaniuliza, "Kwani baba, hua hayupo?"

Neno lenyewe alilipata kwangu, na mimi nililipata kwa mama, mzaliwa wa Muheza. Mwalimu simlaumu, ana watoto wengi na muda mdogo. Kilichoniuma ni kwamba nilishindwa kumwambia binti yangu hua ni ndege gani. Ni njiwa wa porini? Ni njiwa mdogo? Au ni jina la zamani la njiwa yuleyule? Mama alikuwa akitaja hua, tetere, pugi na ninga kama anavyotaja watu wa mtaani kwake, na sikuwahi kumuuliza yupi ni yupi.

Wanaojua watusaidie.

#2 Kijana_wa_Temeke

Mkuu, njiwa ni njiwa. Wa bandani ni njiwa, wa porini ni njiwa pori. Mimi nina miaka 34 na sijamsikia mtu mtaani akisema hua. Majina ya vitabuni hayo.

#3 Bibi_Ushongo (Pangani)

Mwanangu wa Temeke, ya vitabuni? Sisi tumelelewa nayo.

Njiwa ni wa nyumbani, mwenye banda lake. Hua ni wa shambani, rangi ya majivu, nyuma ya shingo ana mstari mweusi kama ukosi wa kanzu ambao haukuzunguka mpaka mbele. Huyu ndiye anayelia mchana kutwa kwenye minazi, jua linapokuwa kali na kila kiumbe kimenyamaza. Pugi ni mdogo, hutembea chini kwenye majani makavu, ukimkaribia hupuruka ghafla moyo ukakuruka na wewe. Ninga ni wa kijani, hukaa juu ya mkuyu anakula kuyu, na humwoni mpaka aamue kuondoka. Tetere naye kifuani ana madoadoa, sauti yake kama mtu anayejizuia kucheka.

Kaka zangu walikuwa wakitega pugi kwa ulimbo. Hua hawakumgusa, marehemu bibi alikataza. Alisema hua analia kwa sababu ana msiba, na mwenye msiba haongezewi.

MpandaNgalawa, mwambie mjukuu wangu hua yupo.

#4 Mtazama_Ndege (Arusha)

Shikamoo bibi. Umeeleza vizuri kuliko miongozo mingi ninayobeba kazini.

Naongeza kidogo tu. Hao wa kijivu wenye ukosi mweusi wako zaidi ya mmoja. Kuna mkubwa mwenye duara jekundu kuzunguka jicho, hupenda miti mirefu na sehemu zenye maji. Na kuna mdogo wa jicho jeusi, mwenye nyeupe kwenye ncha za mkia, huyu yuko kila mahali kuanzia pwani mpaka huku kwetu. Mdogo analia mapigo matatu, ku-KUU-ku, ku-KUU-ku, anarudia bila kuchoka. Mkubwa ana mapigo mengi zaidi na sauti nzito. Ukimsikia tu bila kumwona unaweza kuwatenganisha.

Sasa kuhusu "dove" na "pigeon". Mkuu #1, binti yako kaonewa na swali lenyewe kabla ya kalamu nyekundu. Kisayansi hakuna mpaka kati ya maneno hayo mawili. Wote ni ukoo mmoja, Columbidae, wenye spishi zaidi ya 300 duniani. "Dove" ni neno la asili la Waingereza na ndugu zao Wajerumani, "pigeon" waliletewa na Kifaransa. Wakayatumia yote mawili, wadogo wengi wakawaita la kwanza na wakubwa la pili, lakini hawakuwa na msimamo: njiwa huyu wa mjini ana majina mawili kwao, "rock dove" na "rock pigeon", ndege mmoja. Hata dodo wa Mauritius, yule mnene asiyeruka aliyetoweka karne ya 17, ni wa ukoo huuhuu.

#5 Kijana_wa_Temeke

Dodo ni njiwa? Mkuu hapo umenipoteza kabisa.

#6 Mtazama_Ndege

Ndiyo. Vinasaba vilivyopimwa kutoka kwenye mabaki yake vilimweka jirani na njiwa wa visiwa vya Nikobari. Alifika kisiwani akiwa ndege anayeruka, hakukuta mnyama wa kumwinda, vizazi vikapita, mbawa zikadumaa na mwili ukanenepa. Mabaharia walipofika na nguruwe, nyani na panya wao, hakudumu hata miaka mia.

#7 Mzee_wa_Kwaya (Dodoma)

Bwana asifiwe. Aliyesema hua ni jina la vitabuni amepatia nusu, maana liko kwenye kitabu ambacho nusu ya nchi hii inakisoma kila Jumapili.

Katika Biblia ya Union, ile ya 1952, Roho anashuka kama hua pale Yordani, Mathayo 3:16. Wanafunzi wanaambiwa wawe wapole kama hua, Mathayo 10:16. Na kwenye Wimbo Ulio Bora mpenzi anaitwa "hua wangu". Kwa hiyo nasema hua ndiye "dove" na njiwa ndiye "pigeon". Binti apewe maksi zake.

#8 Binti_wa_Chuo (Iringa)

Mzee shikamoo. Ila katika Union hiyohiyo Nuhu alimtoa njiwa kwenye safina, hakumtoa hua. Na waliopinduliwa viti hekaluni walikuwa wakiuza njiwa. Kwa Kiingereza wote hao huwa wanaitwa "dove". Sasa mbona hapo watafsiri hawakuandika hua?

#9 Mzee_wa_Kwaya

Marahaba binti. Umenikamata. Nimekwenda kufungua na ni kweli.

Lakini tazama Luka 2:24, Maria na Yusufu wanapompeleka mtoto hekaluni: "hua wawili, au makinda ya njiwa wawili". Hapo wametajwa pamoja kama ndege wawili tofauti, na ni vivyo hivyo katika Walawi. Kwa hiyo walijua tofauti.

#10 Msomi_wa_Tafsiri (Nairobi)

Mzee na dada mko karibu na jambo lenyewe. Kiyunani kina maneno mawili, *peristera* na *trygon*. Kiebrania vilevile: *yona* na *tor*. Ndiyo, nabii Yona jina lake maana yake ni njiwa. Pale Luka 2:24 maneno yote mawili yako mstari mmoja, hivyo mtafsiri hana pa kujificha, lazima awe na majina mawili: *trygon* akawa hua, *peristera* akawa njiwa. Lakini ndege wa Yordani naye ni *peristera*, na hapo wakaandika hua. Yaani neno lilelile la Kiyunani limetoka njiwa mahali pamoja na hua mahali pengine.

Kwa nini? Nadhani waliona njiwa wa bandani hafai kubeba picha ya Roho, wakamchagua ndege wa sauti ya huzuni na upole. Biblia ya Habari Njema ilipokuja ikarudi kwa njiwa pale Mathayo 3:16. Waumini wa umri wa mzee wanasikia hua, vijana wanasikia njiwa. Mwalimu wa mtoto huenda amelelewa na hii ya pili tu.

#11 Mzee_wa_Kwaya

Kwamba watafsiri waliona njiwa hafai, hilo ni lako. Union ilitengenezwa ili Wakristo wa Kimvita na wa Kiunguja wasome kitabu kimoja. Inawezekana kabisa neno moja lilitoka upande huu na jingine upande ule, likabaki hivyo.

#12 Msee_wa_Kisauni (Mombasa)

Mnajadili ya Yordani na hamjamjadili njiwa manga aliye juu ya paa. Huku kwetu njiwa manga jina linajieleza: ni njiwa wa kumanga. Supu yake na mahamri, usiniambie kitu.

#13 Bibi_Ushongo

Hebu wewe!

#14 Muhajiri_Muscat (Oman)

Msee kachekesha, ila kwa wasiojua lugha ya vijana wa Kenya: kumanga kwao ni kula. Manga ya njiwa siyo hiyo. Manga ni Uarabuni, hasa huku Oman, ndiyo maana babu zetu waliitwa Wamanga. Pilipili manga, komamanga, njiwa manga: vyote vimepewa jina la upande vilikotokea majahazi. Njiwa wa mjini asili yake ni majabali ya pande za Bahari ya Kati na Asia. Pwani yetu hana asili nayo, kaletwa. Huku Muscat unamkuta kwenye magenge ya mawe anaishi mwenyewe bila banda, na ukimwona hapo unaelewa kwa nini mijini hupenda ukingo wa ghorofa kuliko mti.

Kiarabu nacho wana mawili, *hamam* na *yamam*. La kwanza kwa njiwa, la pili kwa jamaa za hua.

#15 Kijana_wa_Temeke

Basi kumbe Hamamni ya Unguja ni mahali pa njiwa! Nimepita pale Mji Mkongwe mara nyingi sijui.

#16 Mtoto_wa_Shangani (Unguja)

Hapana ndugu yangu. Hamamni imetokana na *hammam*, yenye mimu mbili, yaani bafu la umma. Yale mabafu alijenga Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888. Maneno yanakaribiana kwa sikio la Mswahili lakini Mwarabu hayachanganyi. Njiwa wapo pale juu, ila jina si lao.

#17 Muhajiri_Muscat

Hayachanganyi akisema yeye. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwambia mwenye nyumba kwamba ninataka kusafisha njiwa. Alinipeleka darini.

#18 Ustadh_Makorora (Tanga)

Assalaam alaykum. Kwa kuwa njiwa ametajwa kwa dini moja, nisaidie upande wa pili. Wengi tumesimuliwa madrasa kwamba Mtume (SAW) na Abu Bakar walipojificha katika pango la Thaur, buibui alitanda utando na njiwa wawili wakataga mlangoni, wanaowatafuta wakaona hapakuingia mtu. Ndiyo maana wazee wetu wengi hawampigi njiwa jiwe. Pango limetajwa katika Qur'ani, Sura ya 9 aya ya 40, lakini njiwa hawamo katika aya, na wanazuoni wengi wa hadithi wamesema sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya kisa cha njiwa ni dhaifu. Kilicho thabiti ni kwamba kiwindwa cha Haram ya Makka hakiguswi, na njiwa wa pale wanatembea kati ya miguu ya mahujaji kwa amani.

#19 Mama_Wawili (Morogoro)

Ustadh shukran, ila mimi nina swali la nyumbani. Inasemwa njiwa hawakai kwenye nyumba yenye ugomvi. Mimi nilikuwa nao kumi na wanne. Mwaka tulipogombana na mume wangu mpaka nikarudi kwetu miezi mitatu, niliporudi nikakuta wamebaki wawili. Jirani akaniambia, "Si nilikuambia?" Sijui niamini nini, lakini jambo hilo lilinitoa machozi kuliko ugomvi wenyewe.

#20 Mfugaji_Kihonda

Pole dada. Kwa miezi mitatu hiyo nani alikuwa anawapa mtama na maji?

#21 Mama_Wawili

Hakuna.

#22 Mfugaji_Kihonda

Basi. Njiwa hafungwi kamba, mguu wake uko kwenye chakula, maji na usalama. Vikikosekana anahamia kwa jirani mwenye vitu hivyo. Nyumba yenye ugomvi husahau kujaza maji, na kelele za usiku zinamtisha kwenye mayai. Wazee waliona matokeo wakayapa jina.

Mengine ya kujua: hutaga mayai mawili, dume na jike wanapokezana kuatamia, siku kama 18 yanaanguliwa. Makinda hulishwa maziwa ya kooni, uji mzito unaotengenezwa ndani ya gole la wazazi wote wawili. Ndiyo, dume naye ananyonyesha. Na mtazame akinywa maji: huzamisha mdomo akafyonza, hainui kichwa kama kuku.

#23 Bibi_Ushongo

Mwanangu wa Kihonda, yote uliyosema sawa. Lakini mimi nimeona banda limejazwa mtama na maji, mwenye nyumba hana tatizo lolote la mfuko, na njiwa wakaondoka wote siku moja, wakatua kwa mjane aliyekuwa hana hata punje. Walikaa kwake mpaka alipofariki. Sisemi ni nini. Nasema niliona.

#24 Mfugaji_Kihonda

Bibi, huenda kwa mwenye mtama palikuwa na kicheche au nyoka bandani. Wakishaingiliwa usiku mmoja hawarudi.

#25 Ustadh_Makorora

Au ni riziki ya mjane. Moja halizuii jingine.

#26 Ssebo_Mswahili (Kampala)

Nataka kurudi kwenye swali la uzi, kwa sababu majirani zetu wa kusini wanaweza kulijibu. Huku Uganda kwa Kiganda njiwa ni *ejjiba*, wengi *amayiba*. Ni mzizi mmoja na njiwa, ukisikiliza vizuri. Kichewa cha Malawi kina *njiwa* vilevile. Kishona cha Zimbabwe wana *njiva*. Lakini tazameni hili: kwa Wachewa njiwa ni yule wa porini mwenye ukosi, wa kufugwa anaitwa *nkhunda*. Kwa Washona njiva ni wa porini, wa kufugwa ni *hangaiwa*.

Kwa hiyo nadharia yangu: hata kwa Waswahili njiwa alikuwa kwanza ndege wa porini, huyuhuyu mnayemwita hua. Alipofika mgeni wa majahazini, akaitwa njiwa wa Manga kwa kumfananisha na mwenyeji. Mgeni akazaliana, akajaa mjini, akachukua jina lote. Mwenyeji akabaki na jina la pembeni, au akaongezewa "pori" kana kwamba yeye ndiye aliyekuja baadaye.

#27 Kijana_wa_Temeke

Hii imenigusa. Yaani mgeni kamfukuza mwenyeji kwenye jina lake.

#28 Mtoto_wa_Shangani

Nzuri, ila Ssebo, hua lilitoka wapi sasa? Kama mwenyeji alikuwa na jina lake njiwa, hua aliletwa na nani? Mimi nasema ni mlio. Mwite kwa sauti ndefu: huuu-a. Tetere naye ni mlio, hata kunguru ni mlio. Ndege wengi hujitaja wenyewe. Yaani mwenyeji alikuwa na majina mawili tangu mwanzo, moja la ukoo na moja la sauti.

#29 Mtazama_Ndege

Mlio wa mwenye ukosi ni mapigo matatu, hauanzi na huuu. Hiyo huuu-a inamfaa zaidi pugi, ambaye huanza polepole kisha akaharakisha mpaka sauti inazama kama mpira unaodunda ukitulia. Sikatai moja kwa moja, nasema sikio langu halikubali.

#30 Mrundi_wa_Buyenzi (Bujumbura)

Kirundi na Kinyarwanda ni *inuma*, wote wanaingia humo. Sisi wa Buyenzi tunaosema Kiswahili nyumbani tunasema njiwa tu. Hua nimeisoma kwenye Biblia ya marehemu babu, na utotoni nikafikiri ni malaika wa aina fulani, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akimtaja nje ya kanisa.

#31 Mwalimu_Mstaafu (Moshi)

Naomba nimtetee mwalimu mwenzangu kidogo, kisha nimkosoe.

Hua ni neno lenye bahati mbaya ya kufanana na makosa. Asilimia kubwa ya watoto, na watu wazima humu ndani, huandika "mimi hua naenda" wakimaanisha *huwa*. Mwalimu akiiona hua mara hamsini kwa wiki, mkono wake umeshazoea kusahihisha kabla ya jicho kusoma. Hilo namtetea.

Lakini alipaswa kusoma swali. Haya ni maneno matatu. *Huwa* linatokana na kuwa: baba huwa anachelewa. *Huua* ni kuua kwa kawaida: malaria huua. *Hua* ni ndege. Ukiandika "malaria hua" umesema malaria ni ndege mpole wa kijivu. Nilikuwa nikiwaandikia ubaoni sentensi moja: mwewe huwa anamvizia hua na mwisho humuua. Mtoto akiiandika bila kosa, namwacha aende mapumziko kwanza.

#32 MpandaNgalawa

Mwalimu, sentensi hiyo naichukua. Binti ameinakili sasa hivi.

#33 Mkenya_Minnesota (Marekani)

Mwataja taabu za Kiswahili, Kiingereza nacho kina zake. Wiki yangu ya kwanza chuoni hapa nilisoma habari ya mtu "dove into the lake". Nikasoma mara tatu namtafuta ndege ziwani. Kumbe Wamarekani hulitumia kama wakati uliopita wa kupiga mbizi, Waingereza husema "dived". Herufi zilezile, matamshi mawili: la ndege husikika kama *dav*, la mbizi kama *douv*.

Halafu nikafungua gazeti, naona gavana wa benki kuu anaitwa "dove". Nikaona nirudi dukani ninunue sabuni tu, maana hiyo Dove nimeifahamu tangu nyumbani.

#34 Mchumi_Upanga

Hilo la benki kuu: njiwa ni anayependelea riba iwe ya chini ili watu wakope na kuajiri, mwewe ni anayetaka ipande ili mfumuko wa bei ushuke. Imetokana na siasa. Mgogoro wa makombora ya Kuba wa 1962 ndio uliosambaza mazoea ya kuwaita washauri wa Marekani waliotaka kushambulia mwewe na waliotaka mazungumzo njiwa. Vyombo vyetu vinatafsiri mwewe na njiwa.

#35 Mtazama_Ndege

Na mwewe nako tumekosea. "Hawk" ni kozi au kipanga, kutegemea ni yupi. Mwewe ni yule mwenye mkia wa panda anayenyakua vifaranga na samaki sokoni.

#36 Kijana_wa_Temeke

Mkuu usifungue mlango huo, huu wa njiwa hatujaufunga.

#37 Msanii_wa_Kuta (Nairobi)

Njiwa wa amani je? Yule wa mabango alianza na picha ya Pablo Picasso iliyotumika kwenye bango la mkutano wa amani wa Paris, Aprili 1949. Mwezi huohuo alipata binti, akamwita Paloma, yaani njiwa kwa Kihispania. Kinachonifurahisha ni kwamba ndege aliyemchora alikuwa njiwa wa kufugwa aliyepewa zawadi na mchoraji mwenzake Henri Matisse. Kwa hiyo ndege wa amani wa dunia nzima, kwa hesabu ya Bibi, ni njiwa. Hua hana uhusiano.

#38 Mzee_wa_Kwaya

Jani la mzeituni alilibeba wa Nuhu, naye ni njiwa kama alivyonisahihisha binti. Nakubali.

#39 Mpemba_Halisi (Wete)

Mmemtaja ninga mkampita kama basi lisilo na abiria. Pemba tuna ninga wetu, *Treron pembaensis*, hapatikani popote duniani isipokuwa kwetu. Wa bara ni kijani zaidi, wa kwetu ana kijivu nyingi kichwani na tumboni. Msitu wa Ngezi nenda asubuhi, simama chini ya mti wenye matunda, utaona matawi yanatikisika na maganda yanadondoka, ndege humwoni. Hupanda tawi akining'inia kama kasuku.

Katika mashairi ya kwetu ninga ni mwanamke mzuri. Njiwa hutumwa salamu, ninga ndiye anayepelekewa. Hii tofauti hata kamusi nyingi haziisemi.

#40 Bibi_Ushongo

Umenikumbusha mbali, mwanangu wa Wete. Ndivyo ilivyokuwa hata kwetu Mrima.

#41 Baharia_wa_Nyota (Tanga)

Kuna njiwa mmoja hajatajwa, yuko angani. Chini ya kundi la nyota la Jabari (Orion), kusini ya makundi ya Sungura na Mbwa Mkubwa, lipo kundi dogo la nyota liitwalo Columba, Njiwa kwa Kilatini. Lilibuniwa 1592 na mchora ramani Petrus Plancius, na alikusudia njiwa wa Nuhu. Nyota yake kali zaidi inaitwa Phact, kutokana na Kiarabu *fakhita*, ambaye ni njiwa mwenye ukosi shingoni. Kwa hiyo kundi linaitwa njiwa na nyota yake inaitwa hua. Januari usiku, ukiwa pwani, anapita juu, upande wa kusini.

#42 Mzee_wa_Kwaya

Huu ushahidi wa mbinguni nilikuwa naungoja.

#43 Mkazi_wa_Kigamboni

Wakuu, nyie mnagombea majina, mimi nauliza ndege wenyewe. Nilipohamia hapa 1996 pugi walikuwa wanatembea uani. Sasa sioni hata mmoja. Kunguru tu.

#44 Mtazama_Ndege

Kunguru ni sehemu kubwa. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, akavuka maji mwenyewe. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na kiota cha pugi ni vijiti vichache vilivyolazwa chini chini kichakani, kunguru anakiona kwa urahisi. Ongeza vichaka vilivyofyekwa kwa viwanja, na paka.

#45 Mfugaji_Kihonda

Na manati.

#46 Mkazi_wa_Kigamboni

Manati yalikuwapo tangu enzi za babu na pugi walikuwapo. Mimi nasema vichaka.

#47 MpandaNgalawa

Ndugu zangu, asanteni mno. Nimechapisha majibu ya Bibi, ya Msomi na ya Mwalimu Mstaafu nikampa binti ampelekee mwalimu, kwa adabu. Mwalimu kasoma, kampa vema yake, na kamwomba awaeleze wenzake darasani. Darasa zima watoto 71, waliokuwa wanalijua neno hilo ni wawili: yeye na kijana mmoja ambaye bibi yake anatoka Lindi.

Jambo la pili. Leo Jumamosi tulikaa barazani tukamsikia mmoja kwenye mwarobaini wa jirani. Nikarekodi kwa simu nikampigia mama Muheza, nikamsogezea spika. Mama ana miaka 79. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Huyo si hua. Huyo tetere. Hua hana haraka hivyo." Binti akamwambia, "Bibi, lakini ana ukosi mweusi, nimemwona." Mama akasema, "Basi mtazame tena."

Ametoka nje na daftari tangu saa nne.

#48 Mtazama_Ndege

Tetere wa madoadoa hana ukosi nyuma ya shingo. Akiwa nao, mama kakosea au mlikuwa mnasikia mmoja na kumwona mwingine, hilo hutokea sana. Macho yake mekundu au meusi? Na ututumie hiyo sauti.

#49 Bibi_Ushongo

Mama yake hakukosea. Tuma sauti.

#50 MpandaNgalawa

Naituma sasa. Samahanini, katikati kuna bodaboda imepita.